Je, Wajua? Darubini ya Mkononi na Usiku wa Banissa

Je, wajua kwamba mtu aliyeketi nje ya nyumba yake Banissa anaweza kuiona karibu mbingu yote pasipo kusafiri? Banissa, upande wa magharibi wa Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia, iko takriban digrii 4 kaskazini mwa ikweta. Mkazi wa London hauoni Msalaba wa Kusini hata akikesha mwaka mzima. Mkazi wa Cape Town naye haioni Kutubu, nyota ya kaskazini. Wa Banissa anaviona vyote viwili. Kinachomfichikia ni duara dogo tu linalozunguka ncha ya kusini ya mbingu.

Je, wajua neno darubini limetoka wapi? Ni Kiajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Kiswahili hulitumia kwa chombo kirefu cha jicho moja na pia kwa kile cha macho mawili kinachoning'inia shingoni. Hapa nazungumzia hicho cha pili, kinachomsaidia mfugaji kumtafuta ngamia aliyepotea, na askari wa wanyamapori kulikagua bonde la mto Daua kule Malkamari, mbuga ya taifa tangu 1989. Mchana kinafanya kazi hiyo. Jua likishatua kinaweza kufanya kubwa zaidi, na kwa wengi kinabaki kabatini.

Zile namba mbili zilizoandikwa juu yake, tuseme 10x50, zina maana gani? Ya kwanza inasema kinakuza mara 10. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele, milimita 50. Kwa nyota, ya pili ndiyo yenye uzito. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka kama milimita 7. Lenzi ya milimita 50 hukusanya nuru mara 50 hivi kuliko mboni hiyo, na ndiyo maana nyota ambazo hukujua kama zipo hujitokeza ghafla.

Gawa 50 kwa 10 upate 5. Huo ni upana, kwa milimita, wa mwali unaotoka upande wa jicho lako. Gawa 50 kwa 7 upate kama 7. Darubini ya 7x50 ni nzuri kwa kijana, lakini mboni ya mtu aliyepita miaka 50 mara nyingi haifunguki zaidi ya milimita 5, kwa hiyo nuru nyingine inamwagikia nje ya mboni yake. Ukiniuliza ninunue ipi kwa nyumba yenye babu na wajukuu, nitakujibu 10x50 bila kusita.

Je, wajua namna ya kuipima dukani? Ishike mbali na uso, ielekeze kwenye mwanga, utazame miviringo miwili midogo ya nuru upande wa jicho. Ikiwa ya duara kamili, kioo cha ndani ni kizuri. Ikiwa na kingo zilizokatika kama mraba, ni kioo cha bei ya chini. Kisha tazama kilele cha mnara wa simu ulio mbali. Ukiona minara miwili, irudishe: mapipa yake mawili hayaelekei mahali pamoja, na utaondoka na kichwa kinachouma. Zile zenye lenzi nyekundu zinazong'aa kama rubi ziache, maana zinairudisha nyuma nuru uliyoifuata. Na zile zinazojidai kukuza kuanzia mara 10 hadi 100 ziache pia.

Mpangilio wa vioo vya ndani unaoifanya iwe fupi na picha isisimame kichwa chini ulibuniwa na Mwitaliano Ignazio Porro mwaka 1854. Kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ikaanza kuuza darubini za macho mawili za namna hiyo mwaka 1894.

Je, wajua kwamba macho yako mawili si sawa? Funga la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka nyota iwe nukta kwa jicho la kushoto. Kisha funga la kushoto, uzungushe pete iliyo kwenye pipa la kulia mpaka iwe nukta tena. Wengi hawaigusi pete hiyo miaka yote, halafu wanasema darubini yao ni mbovu.

Darubini ikikuza mara 10, mtetemo wa mkono nao unakuzwa mara 10. Mjini watu hununua stendi ya miguu mitatu. Nyikani kuna hangool, ule mti wa mfugaji wa Kisomali wenye panda upande mmoja na ndoano upande mwingine, anaosukumia na kuvutia matawi ya miiba anapojenga zizi. Usimike ndoano chini na panda juu, egemeza darubini kwenye panda, ushike mti kwa mkono mmoja. Nyota inatulia. Mbinu hii hailipiwi hata shilingi, na sijaona stendi ya bei ndogo inayoishinda. Kwa vitu vilivyo utosini, lala chali kwenye mkeka.

Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani kabla ya kuona vizuri, na kioo cha simu kikiwaka mara moja tu, unaanza kuhesabu upya. Kama lazima uwashe tochi, ifunike kwa karatasi nyekundu ya nailoni.

Na ukitaka kuona kitu hafifu, usikitazame moja kwa moja. Tazama kando yake kidogo. Katikati ya jicho pamejaa chembe za kuona rangi, ambazo gizani hazifai kitu. Chembe za kuonea usiku ziko pembeni, nazo hazijui rangi. Ndiyo sababu mawingu ya nyota yanayoonekana mekundu na samawati kwenye picha za magazeti huonekana ya kijivu kwenye darubini. Usivunjike moyo ukiyaona hivyo. Kijivu hicho ni nuru yenyewe, imesafiri mpaka ikaingia jichoni mwako, hakuna kamera katikati.

Jua. Hapa nasimama, na msomaji mwenye watoto asimame nami. Kulitazama jua kwa darubini kunachoma jicho kwa muda mfupi mno, na jicho halitakuambia, kwa kuwa ukuta wake wa nyuma hauna neva za maumivu. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa kabisa kwenye ukanda mwembamba uliopita Turkana, na tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa tena: Makka na Jeddah zitaingia gizani kabisa, Banissa italiona limemegwa sehemu. Siku hiyo darubini ibaki kwenye mkoba wake.

Hilo linatuleta kwenye hilali. Kila mwisho wa Shaabani na wa Ramadhani watu hutoka kuutafuta mwezi, kisha taifa husubiri tangazo la Kadhi Mkuu. Anayebeba darubini asiiinue kabla ukingo wa mwisho wa jua haujazama. Baada ya hapo, apite polepole juu ya mahali jua lilipotua, kutoka kushoto kwenda kulia, akipanda kidogo kidogo. Huku kwetu karibu na ikweta mwezi mwandamo hulala kama mtumbwi, ncha mbili juu, tofauti na picha za vitabu vya Ulaya ambazo huusimamisha wima. Ukitafuta umbo la kitabuni utapitwa na mwezi wa kweli.

Siku tatu baadaye utazame tena. Sehemu yenye giza haina giza kamili: ina weupe mwepesi. Ni nuru ya jua iliyogonga dunia, ikarukia mwezini, ikarudi.

Wengi hudhani mwezi mpevu ndio wa kutazamwa. Sivyo. Siku hiyo jua linaumulika usoni na vivuli havipo. Ngoja usiku wa saba au wa nane, upitishe darubini kwenye mstari ambapo mchana wa mwezini unakutana na usiku. Mashimo yanasimama, milima inatupa vivuli. Mwezi mpevu una jambo moja tu la kuushinda ule wa usiku wa saba: miale mieupe inayotawanyika kutoka shimo la Tycho, lenye upana wa kilomita 85 hivi.

Je, wajua kwamba alfajiri ya uongo, ile ambayo aliyeamka kula daku hufundishwa asiifuate, ina maelezo yake katika elimu ya anga? Ni mwanga mweupe unaosimama wima mashariki kama mkia, kabla ya alfajiri ya kweli inayotanda kwenye upeo. Unatokana na vumbi lililotapakaa kati ya sayari, mabaki ya asteroidi na nyota zenye mkia, likiakisi nuru ya jua ambalo bado liko chini. Ulaya vumbi hilo huonekana limeinama, limezama kwenye ukungu wa upeo, na watu husafiri kwenda kulitafuta. Ikweta linasimama wima karibu mwaka mzima. Halihitaji darubini, ni pana mno. Linahitaji giza tu, na giza ndilo mali ya Banissa.

Naomba nikae kidogo kwenye neno hilo. Mwaka 2001 Mmarekani John Bortle alitunga kipimo cha giza la usiku chenye ngazi 9: ngazi ya 1 ni giza tupu, ya 9 ni katikati ya jiji. Mwenye darubini ya 10x50 nyikani ataona vitu hafifu ambavyo mwenye chombo kikubwa cha bei ghali katikati ya Nairobi hatavipata, kwa sababu mwanga wa taa za barabarani unapanda na kuyafunika mawingu hafifu ya nyota. Taa zinakuja Banissa pia, na watu wanazihitaji: zahanati inazihitaji, mtoto anayesoma anazihitaji. Ninachoomba ni kifuniko juu ya taa, ili mwanga ushuke chini unakohitajika. Kifuniko hakiongezi gharama ya umeme hata kidogo.

Mushtarii ina miezi minne inayoonekana kwa darubini iliyotulia. Galileo alianza kuiona tarehe 7 Januari 1610 kwa chombo kilichokuza mara 20 hivi, lakini chenye lenzi ndogo kuliko ile ya 10x50. Io, Europa, Ganymede, Callisto: nukta nne zilizojipanga karibu na sayari kama ngamia wanaoelekea kisimani. Kesho yake utazikuta zimebadilishana nafasi. Io huzunguka kwa siku 1 na robo tatu hivi. Usiku mwingine unahesabu tatu, ya nne imepita nyuma au mbele ya sayari, na mwenye kuzoea kuhesabu mifugo jioni ataigundua kabla ya wengine.

Pete za Zohali? Hapana, mara 10 hazitoshi. Anayekuuzia darubini ndogo kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Sasa Kilimia. Mswahili wa pwani aliziita nyota hizo kwa kitenzi cha kulima, maana zilimwambia lini ashike jembe. Wahenga walisema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kisomali ni Urur, lenye maana ya kukusanyika. Waborana huziita Busan. Kwa macho utahesabu 6 au 7. Galileo alichora 36. Kwa 10x50 zinaongezeka sana, na hapa darubini ndogo inaishinda kubwa: Kilimia kina upana wa mara nne hivi wa mwezi, hakienei kwenye dirisha jembamba la chombo kirefu. Kwenye 10x50 kinakaa chote, na nafasi inabaki.

Wataalamu wa Kiborana wa kuhesabu siku, ayyantu, wamejenga kalenda nzima juu ya nyota kama hizi. Mwanaanthropolojia Asmarom Legesse aliieleza katika kitabu chake cha 1973 kuhusu Gada, mfumo wa marika wa Waborana. Miezi ni 12, siku za mwaka ni 354, na majina ya siku ni 27. Mwezi mchanga ukionekana pamoja na nyota za Lami, mwaka unaanza. Kisha huja Busan, Bakkalcha, Algajima, Arb Gaddu, Urji Walla na Basa Guddo, ambayo ndiyo Shira, nyota ing'aayo kuliko zote usiku na iliyotajwa katika Sura ya An-Najm. Ayyantu hahitaji kioo chochote.

Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo 19 za mawe kule Namoratunga, magharibi mwa Ziwa Turkana, zimeelekezwa kwenye nyota hizohizo saba, na kwamba zilisimikwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Habari ikaenea dunia nzima. Lakini mwaka 1982 mwanaakiolojia Robert Soper alizipima tena, akakuta mawe yenyewe yana sumaku, yaani sindano ya dira waliyoitegemea wenzake ilikuwa ikivutwa na nguzo walizokuwa wakizipima. Wachimbaji wa baadaye wakaona kwamba nguzo za namna hiyo kandokando ya ziwa zinahusiana na makaburi ya wafugaji wa miaka 5,000 hivi iliyopita. Kalenda ya Waborana haikupungukiwa kitu. Iko hai vinywani mwa watu, haikuwahi kuhitaji ushahidi wa mawe.

Je, wajua kwamba majina mengi ya nyota unayajua tayari kama ulipita madrasa? Rigel ni rijl, mguu. Deneb ni dhanab, mkia. Altair ni anayeruka. Fomalhaut ni fam al-hut, mdomo wa samaki. Algol ni al-ghul, zimwi, na nyota hiyo kweli hufifia na kurudi kila baada ya siku 2.87, kwa sababu nyota nyingine hupita mbele yake.

Msimu wa jilaal, Januari na Februari, tazama kusini kama saa tatu usiku. Nyota kali ya huko ni Suheli, iliyowaongoza mabaharia wa majahazi. Shuka chini yake, kulia kidogo, mpaka utakapoona kama kipande cha wingu kisichohama. Ni galaksi nyingine, Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka ya nuru 160,000. Februari 1987 nyota moja humo ilionekana ikilipuka, ikaonekana kwa macho matupu. Mwenye darubini atakuta pembeni mwa wingu hilo doa zito zaidi, kiwanda cha nyota kinachoitwa Tarantula.

Mvua za gu zikiisha, mwishoni mwa Mei, nenda juu ya Msalaba wa Kusini, kushoto kidogo. Utaona nyota iliyokataa kuwa nukta, imevimba kama mpira wa pamba. Omega Centauri: nyota zipatazo milioni 10 zilizokusanyika mahali pamoja. London hawaioni.

Je, wajua kwamba Kenya ina sehemu katika habari ya shimo jeusi la kwanza kutambuliwa? Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kuundwa kwa ajili ya kutafuta miale ya eksirei angani, na kwa heshima ya Kenya ikapewa jina Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339. Kimoja, Cygnus X-1, kilikuwa kikipepesa kwa kasi ya ajabu, na uchunguzi wake ukawafikisha wataalamu kwenye shimo jeusi. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2002.

Shimo jeusi halionekani. Lakini nyota ya samawati inayolizunguka kila siku 5.6 ina mng'ao unaofikiwa na 10x50 katika giza la kweli. Iko kwenye shingo ya kundinyota la Bata Maji, kando kabisa ya nyota iitwayo Eta. Agosti na Septemba jioni, ukiwa na ramani ya nyota, utaipata, nukta dhaifu isiyo na fahari yoyote. Ningependa kila mtoto wa shule Kenya aoneshwe nukta hiyo na aambiwe jina la setilaiti. Susan Murabana na Daniel Chu Owen, wanaozunguka nchini na darubini tangu 2014 kupitia The Travelling Telescope, wameonesha kwamba kumpelekea mtoto anga kijijini kwake kunawezekana.

Kutubu, nayo, ina jambo na Banissa. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Banissa, longitudo zao zinatofautiana kwa nusu digrii hivi, kwa hiyo anayeelekea kibla hapa anaielekea nyota hiyo karibu sawasawa. Tatizo ni kwamba inakaa digrii 4 tu juu ya upeo, upana wa vidole viwili ukinyoosha mkono, nyuma ya miiba na vumbi. Macho matupu huishindwa usiku mwingi. Panda mahali palipoinuka, pitisha darubini juu kidogo ya upeo wa kaskazini, na ile nukta ya manjano hafifu inayobaki hapohapo saa baada ya saa ndiyo yenyewe.

Vumbi hilohilo ni adui wa lenzi. Lipulize kwanza, ulifagie kwa brashi laini, ndipo ufute. Anayefuta kwa ncha ya kikoi anasaga mchanga juu ya kioo. Wenzetu wa Lamu na Mombasa wana adui mwingine, kuvu inayoota ndani ya lenzi kwa unyevu. Banissa haina shida hiyo.

Na Desemba, mvua za deyr zikiwa zimeosha anga, toka punde baada ya swala ya Isha uelekee kaskazini. Juu, karibu na utosi, kuna nyota nne za mraba mkubwa. Kutoka pembe yake ya kulia iliyo chini, hesabu nyota mbili kwenda kulia, kisha kutoka ya pili shuka kushoto kupitia nyota mbili hafifu. Kando ya ile ya mwisho kuna ukungu mrefu kama yai. Abd al-Rahman al-Sufi aliuandika Uajemi yapata mwaka 964, akauita wingu dogo. Ni galaksi ya Andromeda, umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Nuru hiyo ilikuwa imeshaanza safari kabla ya watu wa kale kupasua mawe yaliyochimbuliwa Lokalalei, magharibi mwa Turkana, yenye umri wa miaka milioni 2.34. Ukishaiweka katikati ya duara, usiuguse hangool. Sogea taratibu, mpishe aliye nyuma yako aweke macho yake hapohapo.